Kete Haina Uso

Mvua za Novemba zikishalainisha udongo, watoto wa wafugaji wa Mpimbwe na Mlele, mkoani Katavi, hufinyanga ng'ombe upya. Si kwamba hawana ng'ombe. Wa mwaka jana walikaushwa juani, wakachungwa uani kiangazi kizima, wakalazwa katika zizi la vijiti. Wapo waliovunjika pembe, wapo waliokanyagwa na wakubwa, lakini wapo pia wazima kabisa, wamepangwa juu ya jiwe nyuma ya nyumba. Hata hao hawamzuii mtoto kwenda kwenye kichuguu kuchota udongo. Muulize anahangaika ya nini, atakuonyesha nundu: ya yule wa zamani haikukaa sawa. Hapo amemaliza hoja yake, na amesema mengi kuliko anavyojua.

Swali hilohilo huulizwa Uingereza na watu wazima wenye fedha zao. Mjini Nottingham kuna makao ya Games Workshop, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1975, ambayo leo ndiyo yenye jina kubwa kuliko zote katika biashara ya visanamu vya michezo ya mezani. Mchezo wake maarufu, Warhammer 40,000, ulitoka mwaka 1987. Mchezaji hununua askari wadogo wakiwa vipande vipande, huwaunganisha kwa gundi, huwapaka rangi kwa brashi nyembamba, kisha huwapanga mezani wapigane na jeshi la mwenzake kwa rula, dadu na kitabu cha kanuni. Miongoni mwao yupo mmoja aliyevaa deraya nzito, Space Marine, ambaye amekuwepo tangu mwanzo. Huyo amechongwa upya mara nyingi. Mwaka 2017 alitoka akiwa mrefu kuliko ndugu zake wote wa awali, na kampuni ikamtungia kisa: hiki ni kizazi kipya cha askari, kimeundwa kuwa bora kuliko kile cha kwanza. Mtu aliyekuwa na askari mia kabatini, aliowapaka rangi kwa miaka, akalala ana jeshi la mashujaa, akaamka ana jeshi la wafupi.

Kwa nini fundi atengeneze tena kitu ambacho tayari kipo? Wengi hujibu upesi: fedha. Wengine hujibu kwa methali, kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hiyo inamweleza mnunuzi, lakini fundi haimgusi. Nami ninayetaka kumfuata hapa ni fundi, awe ni kampuni ya Nottingham au mtoto wa Mpimbwe mwenye udongo viganjani, kwa sababu naamini kazi yao ni moja, na sababu zao zinakutana mahali pengi kuliko tunavyodhani.

Sababu ya kwanza ni mali ghafi, na hapo Mpanda, mji wetu wa Katavi, ina habari yake. Mji huu ulikua juu ya madini ya risasi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba Mukwamba, na kwa ajili ya mgodi huo ikajengwa reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua, ikichepuka kutoka Reli ya Kati. Wageni wanaoshuka leo stesheni ya Mpanda na magunia yao wanatumia njia iliyokatwa porini ili kutoa mawe. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 mgodi ulikuwa umefungwa. Mawe yakaisha kazi, reli ikabaki, watu wakabaki.

Enzi hizo risasi ndiyo iliyokuwa mwili wa askari wa kuchezea duniani. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya Uingereza ilianza kumimina askari wa risasi wenye uwazi ndani, na kwa kuwa walitumia madini kidogo, wakawa rahisi, na watoto wa Ulaya wakajaza majeshi sebuleni. Risasi huyeyuka kwa moto mdogo, hushika umbo la kalibu vizuri, na ikipoa haibishi. Kosa lake ni sumu. Mtoto hutia kila kitu mdomoni, na risasi ikiingia mwilini haitoki upesi. Miaka ya 1960 ilipokuwa ikienda, plastiki ilichukua nafasi yake katika vitu vya watoto. Na katika miaka ya 1990 hata watengenezaji wengi wa visanamu vya michezo ya watu wazima wakaiacha, wakahamia madini mengine yasiyo na sumu hiyo, na baadaye plastiki tupu.

Madini yakibadilika, kisanamu hakibaki kilekile. Kalibu ya mpira iliyotumika kumiminia madini huchakaa: kila mmimino unaunguza ncha za upanga na kufuta pua ya askari, mpaka fundi analazimika kuitengeneza nyingine. Kalibu ya chuma ya plastiki hudumu miaka mingi, lakini gharama yake ni kubwa, na haikubali maumbo yaleyale ambayo mpira ulikubali. Basi fundi anapofika hapo ana njia mbili: arudie sura ileile katika mwili mpya, au, kwa kuwa atagharimika vyovyote, airekebishe nundu. Hakuna fundi ninayemjua ambaye angeiacha nundu mbaya akiwa tayari ameshika kisu.

Mpanda tumeyaona hayo bila kiwanda. Kwenye vijiwe vya drafti, kete zilikuwa visoda vya bati, mmoja anapanga vyake vikiwa vimefunuliwa na mwenzake vimefunikwa, kumi na viwili kwa kumi na viwili. Soda za chupa za plastiki zilipoenea, vifuniko vya plastiki vikaingia ubaoni, vyekundu kwa vya bluu. Hakuna aliyeitisha kikao. Chupa ilibadilika, kete ikabadilika, na wazee waliokuwa wakifungwa kwa visoda wakaendelea kufungwa kwa plastiki.

Sababu ya pili ni jicho. Tazama magari ya waya ya watoto wa mjini. Miaka ile ya njia ya vumbi, gari la kuigwa lilikuwa lori: bodi ya mkebe wa mafuta, magurudumu ya ndala zilizokatwa, fito ndefu ya usukani ili mwenye gari aendeshe akiwa wima. Lami ilipofika kutoka Tabora kupitia Koga, mabasi ya Kichina yakaja na pua bapa, kioo kikubwa cha mbele na vioo vya pembeni vinavyoning'inia, na magari ya watoto yakapata pua bapa na vioo vya kuning'inia. Yule wa lori hakukosea. Lori lake lilikuwa kweli siku lilipotengenezwa. Kilichotokea ni kwamba barabara ilisogea mbele, na kitu kinachoiga barabara kikajikuta nyuma.

Jicho la fundi nalo husogea. Visanamu vya miaka ya 1980 vilichongwa kwa mkono, kwa udongo wa gundi unaoganda na vijiti vya chuma, na mchongaji akipata vidole vitano vinavyohesabika katika kiganja kidogo kuliko punje ya mtama, alistahili sifa. Leo wachongaji wengi hufanya kazi hiyo kwenye kompyuta, wakikuza kiganja hicho mpaka kijae kioo kizima, wakachora mikunjo ya ngozi. Aliyekwisha kuona mikunjo hiyo hawezi kujifanya hajaiona. Kisanamu cha zamani hakikuharibika hata chembe, ila sasa kinatazamwa na macho mengine.

Sababu ya tatu ni biashara, na hii si ya kuionea haya kuitaja. Mpanda ni nchi ya mninga. Seremala akichonga bao la mninga likawa zuri, mashimo thelathini na mawili, nyumba zake za mraba zimekaa sawa, atakuwa ameuza mara moja tu katika ukoo huo. Baba atalichezea, mwana atalirithi, mjukuu atalikuta limeng'aa kwa mafuta ya mikono. Fundi mwema namna hiyo amejifungia soko mwenyewe. Ataishi kwa sababu anachonga pia vitanda, milango na madawati. Kampuni inayoishi kwa visanamu peke yake haina vitanda vya kuchonga. Wateja wake wengi ni watu ambao tayari wana jeshi, na mwenye jeshi utamuuzia nini? Utamuuzia jeshi lilelile, likiwa bora zaidi. Ndiyo maana kanuni za Warhammer 40,000 zimetolewa toleo jipya mwaka 2017, mwaka 2020 na mwaka 2023, na kila toleo likafuatana na askari waliochongwa upya.

Hapo pana hata mkono wa sheria. Desemba 2010 Games Workshop iliishtaki mahakamani, Chicago, kampuni ndogo iitwayo Chapterhouse Studios iliyokuwa ikiuza vipande vya kuongezea kwenye visanamu vyake. Mwaka 2013 baraza la wazee wa mahakama likatoa uamuzi wa mchanganyiko: mengine kwa kampuni kubwa, mengine kwa ndogo. Mwaka uliofuata jeshi la binadamu wa kawaida katika mchezo huo, lililojulikana miaka mingi kwa jina la Imperial Guard, likapewa jina jipya la Astra Militarum. Jina la kwanza lilikuwa maneno ya kawaida ambayo mtu yeyote angeweza kuyatumia; la pili ni la kubuni, na la kubuni lina mwenyewe. Sura mpya na jina jipya ni uzio. Anayefikiri kwamba kila toleo jipya linatokana na upendo wa sanaa hajawahi kumiliki shamba linalopakana na la mwenye ng'ombe.

Lakini fedha haitoshi kueleza jambo hili, kwa maana mtoto wa Mpimbwe hauzi ng'ombe wake wa udongo. Lazima kuna sababu iliyo chini ya hizo zote, nami naitafuta kwenye bao.

Bao lina kete sitini na nne. Pwani hutumia komwe. Huku bara hutumia mbegu nyingine au vijiwe vya mtoni, na Wasukuma waliohamia Katavi wana isolo yao wanayoichezea kete za namna hiyohiyo. Mchezaji wa bao la kiswahili huanza na kete kumi ubaoni na ishirini na mbili mkononi, ananamua mpaka za mkononi ziishe, kisha inaingia mtaji. Katika safari yote hiyo kete moja haitofautiani na nyingine. Haina cheo, haina silaha, haina jina. Iliyokuwa yako muda huu, ukiliwa, itakuwa yangu, na itanitumikia bila kinyongo. Nani amewahi kusikia kete za bao zimetolewa toleo jipya? Hakuna, wala hatatokea. Kete haina uso, na kisicho na uso hakizeeki.

Sataranji inatufundisha jambo hilohilo kwa njia ndefu zaidi. Ilipoenea katika nchi za Kiislamu, vipande vyake vilichongwa bila sura: tembo akawa nundu mbili juu ya kigogo, mfalme akawa kiti. Ilipofika Ulaya ikavishwa tena nyuso na farasi na maaskofu, na kila nchi ikaja na mtindo wake, mpaka mchezaji wa mji mmoja akawa hatambui vipande vya mji mwingine. Mwaka 1849 kampuni ya Jaques ya London ikatoa mtindo ulioitwa Staunton, mpole, wa umbo linalotambulika kwa kutupia jicho, na mpaka leo mashindano ya dunia huchezwa kwa mtindo huo. Umbo likafungwa. Lakini angalia jambo la ajabu: kufungwa huko hakukuua wachongaji. Wachongaji wa vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam, huchonga seti za mpingo ambamo mashujaa ni Wamasai. Wa Tabaka, kule Kisii nchini Kenya, hutumia jiwe laini kutengeneza wafalme na malkia wa sura ya Kiafrika. Mtalii hununua, anaweka mezani, anacheza. Mfalme wa Kisii huenda hatua moja, sawa na mfalme wa London. Sura ni mpya kila siku na mchezo ni uleule, wala hakuna aliyenyang'anywa kitu.

Basi sababu iliyo chini ya zote ndiyo hii: kisanamu kina uso. Kinadai kuwa ni mfano wa kitu, ng'ombe, basi, askari, na kila kinachodai hivyo kinajiweka chini ya hukumu ya macho. Ng'ombe hai wanabadilika zizini, mabasi yanabadilika barabarani, na hata askari wa kubuni, ambaye hajawahi kuwepo popote, anabadilika katika mawazo ya wanaompenda. Mtengenezaji anapotoa toleo jipya anajaribu kuziba pengo kati ya kisanamu na kile ambacho watu sasa wanakiona akilini. Pengo hilo halizibiki. Kila akiziba, limefunguka kwingine. Fedha imelikuta pengo hilo hapo, ikajenga duka pembeni yake.

Kuna jambo jingine, nalo linahusu mkono. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya jamii wa serikali ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1956 kitabu juu ya sanamu za udongo zilizotumika katika unyago na jando miongoni mwa Wasambaa, Wazigua na jirani zao. Zilikuwa sanamu za kufundishia: mwali au kijana alionyeshwa umbo, akaimbiwa wimbo wake, akapewa maana yake. Hazikuchomwa motoni zidumu. Zilifinyangwa kwa shughuli, na shughuli ikiisha zikaharibiwa. Mwaka mwingine, wari wengine, udongo mwingine. Nyingi alizokusanya Cory zimehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, na huko zimekuwa kitu ambacho waliozifinyanga hawakukusudia: za kudumu.

Wale walimu hawakuwa na soko la kulisha wala mshindani wa kumwekea uzio. Walitengeneza upya kwa sababu kutengeneza kulikuwa sehemu ya kufundisha. Kama sanamu ya mwaka jana ingetosha, baada ya vizazi viwili pangekuwa na masanduku ya sanamu na asiwepo mtu anayejua kufinyanga hata moja. Toleo jipya lilikuwa njia ya kuhakikisha kwamba mkono haujasahau. Nadhani hata mtoto wa Mpimbwe yuko katika darasa hilo bila mwalimu. Ng'ombe wa mwaka jana ana nundu mbaya, sawa. Lakini hata angekuwa na nundu nzuri, mtoto angerudi kwenye kichuguu, kwa sababu ana mwaka mmoja zaidi kwenye vidole vyake na anataka kuuona.

Kwa hiyo simlaumu anayetoa toleo jipya. Ninaloliuliza ni moja: la zamani limepewa nafasi gani? Hapo ndipo mafundi wanapotofautiana. Basi la waya likiingia uani, lori la waya halikatazwi kukimbia. Mwenye lori atachekwa, lakini atacheza. Kifuniko cha plastiki kilipoingia kwenye drafti, kisoda kiliendelea kula na kuliwa. Katika sataranji, mfalme wa jiwe na mfalme wa plastiki ni sawa mbele ya sheria. Lakini katika michezo ya visanamu vya kiwandani, kanuni na kisanamu vina mmiliki mmoja, na mmiliki huyo anaweza kumzeesha askari kwa kalamu. Games Workshop ina orodha iitwayo Legends, ya visanamu ambavyo haiviuzi tena: unaruhusiwa kuvichezea na rafiki yako nyumbani, ila mashindanoni havitarajiwi. Askari hakuvunjika, rangi yake haikubanduka. Amestaafishwa na karatasi.

Zaidi ya hapo, mwaka 2015 kampuni hiyo iliufuta mchezo wake mkongwe wa mapigano ya enzi za panga na mikuki, uliotoka mwaka 1983, na kuweka mwingine mahali pake. Watu walikasirika, na kuna hata aliyechoma jeshi lake kwa hasira. Januari 2024 mchezo ukarudishwa kwa jina la The Old World, na dukani vikarudi visanamu vya zamani, sura zilezile, baadhi yake vya madini, vikiuzwa upya. Vilivyoitwa vizee vikawa urithi, kwa bei ya urithi. Mwenye hekima aliyekataa kuacha mbachao kwa msala upitao alichukua jeshi lake kabatini, akapangusa vumbi, akacheza bila kulipa kitu.

Kipimo changu, basi, ni hiki. Toleo jipya linaloongeza mlango ni kazi ya fundi: linamwita mchezaji mpya bila kumtoa nje wa zamani. Toleo jipya linalofanya kazi ya kufuli ni kazi ya mchuuzi aliyevaa nguo za fundi, hata likichongwa vizuri namna gani. Wanaobuni michezo yetu leo, wachonga bao za mninga, wachapishaji wa karata, vijana wa Mpanda na Dar es Salaam wanaounda michezo ya simu, watalikuta swali hili mlangoni siku bidhaa yao itakapopendwa. Wachonge uso mpya kila mwaka wakitaka. Jicho linasogea na mkono unataka kazi. Ila sheria ya mchezo waiandike kama ya bao, isiyojali kete imetoka mti gani. Aliyenunua jana ana haki ya kucheza kesho.